Bega la Kushoto la Mellen

Mimi ni fundi wa nguo hapa Roret, na sitaki kuzunguka: mwaka jana kabla ya Krismasi nilimwonea Kepher wivu mpaka chakula kikanishinda. Sikumchukia kwa sababu ametoka upande wa ziwa. Mimi mwenyewe ni Mkisii, wazazi wangu walikuja huku kuchuma chai, kwa hiyo sina haki ya kumwita mtu mgeni. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anashona vizuri, na alikuwa amefungua duka mkabala na langu, hivi kwamba nikiinua macho kutoka kwa cherehani ninaona migongo ya wateja wangu ikiingia kwake.

Mwaka huo wanawake walitaka velveti. Kijani cha chupa ama maruni, hakuna rangi nyingine. Mikono ya puto, shingo ya mraba, kiuno kimebanwa kwa vijiti vya plastiki, na mkanda wa vimetameta. Kila mmoja alikuja na simu mkononi akanionyesha msichana mwembamba wa Nairobi na kusema, "Nataka hii." Mimi nikawaambia ukweli. Nilimwambia mama mmoja kwamba rinda hilo lilishonewa mtu asiye na tumbo. Alichukua kitambaa chake akavuka barabara.

Kepher hakuwaambia hivyo. Yeye alisema, "Mama, acha tuone vile tutafanya," na wao wakatoka wakicheka.

Wiki ya pili ya Desemba akaja Janefer, ambaye huuza ndizi kando ya duka langu na amekuwa mteja wangu tangu kijana wake wa kwanza azaliwe.

"Fundi, nipe kile kitambaa changu."

"Bado sijakikata."

"Najua. Ndiyo maana nakitaka."

"Janefer, hata wewe?"

"Sasa nifanye nini? Mwaka juzi ulinishonea rinda kama gunia la majani. Nilipoinama kusalimia watoto, lilinifuata baadaye."

"Lilikuwa linakutosha."

"Kutosha si kupendeza, Baba Judy. Leta kitambaa."

Nilimpa. Nilimtazama akivuka na niliomba gari lipite kwenye matope limrushie. Halikupita.

Nilijipa moyo na jambo moja. Siku ya Krismasi, akina mama wa kanisa letu huingia kwa mstari kutoka mlango wa nyuma hadi mbele, wakiimba na kucheza polepole, na watu wote wamegeuka kuwatazama. Hapo ndipo kazi ya fundi huonekana. Hakuna anayesema kwamba ni mashindano, na wote wanajua kwamba ni mashindano. Anayeongoza mstari huo ni Mellen, mke wangu. Krismasi kumi na saba ameuongoza akiwa ndani ya rinda nililomshonea mimi. Kepher angeweza kuchukua mstari wote, lakini kichwa cha mstari kilikuwa changu.

Mwezi huo nilimuuliza Mellen mara mbili anataka mtindo gani. Mara ya kwanza alisema bado anafikiria. Mara ya pili alisema lile la mwaka jana bado ni zuri. Nilifurahi. Niliona nina mke asiyesumbuka na mambo ya simu.

Siku tatu kabla ya Krismasi, Kepher alisimamisha rinda la maruni kwenye sanamu ya plastiki mlangoni. Watu walisimama kulitazama. Nilivumilia mpaka saa nane, kisha nikavuka, nikajifanya nimekwenda kuomba uzi.

Nilipokaribia, nilisimama. Mtu akishona mwili mmoja miaka kumi na saba, haulizi ni wa nani. Niliujua ule urefu kutoka shingo hadi kiuno. Nilikijua kiuno. Niliweka mkono kwenye bega la kushoto na nikasikia kitu laini ndani ya bitana, kipande cha sponji kama unene wa kidole. Nikaweka mkono kwenye bega la kulia. Hakukuwa na kitu.

Bega la kushoto la Mellen limeshuka inchi moja kuliko la kulia. Alipokuwa msichana alichuma chai na kikapu cha mama yake, na kikapu hicho kilikuwa kimebaki na kamba moja tu. Alikibeba kwa bega hilo miaka tisa, na mifupa ikakubali. Mimi nilijua siku ya kwanza nilipompima, kabla hatujaoana. Tangu siku hiyo kila rinda lake nimelikata na bega moja chini, ili kitambaa kisikunjike, na hakuna mtu mwingine aliyejua. Niliona hiyo kama siri yetu wawili. Sasa ilikuwa imesimama barabarani Roret juu ya sanamu.

"Hili ni la nani?" nilimuuliza Kepher.

Aliacha kukanyaga cherehani. "Mzee, la mteja."

"Ulimpima wewe?"

"Ah, fundi, mimi sipimi akina mama. Loice ndiye hupima, mimi naandika tu." Mkewe Loice alikuwa pale nyuma akipiga pasi, na aliinamisha kichwa zaidi. "Bwana Nyabuto, usikasirike. Mtu akileta kitambaa nitamfukuza?"

"Nimekuja kuomba uzi," nilisema, na nikarudi bila uzi.

Sikumwambia Mellen neno. Alinipa chai, nikanywa. Aliniuliza kama ninaumwa tumbo, nikasema ndiyo. Kama angekwenda kwa mwanamume mwingine kwa mambo mengine, ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningeita wazee. Lakini utaita wazee uwaambie nini? Kwamba mke wangu ameshonewa rinda?

Tarehe ishirini na nne aliondoka baada ya chakula cha mchana kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia. Huko foleni huwa ndefu. Nilifunga duka, nikaenda nyumbani, nikalitafuta. Lilikuwa chini ya mablanketi ndani ya sanduku, limekunjwa ndani ya shuka safi. Nililitoa, nikalitandaza kitandani. Nilitafuta makosa. Zipu ilikuwa imelala sawa. Pindo lilikuwa safi. Mikono ya puto ilikuwa imekusanywa kwa mikunjo midogo iliyolingana yote, kazi ya mtu mwenye subira. Nililitazama muda mrefu na sikupata kitu.

Nikachukua wembe. Nilifumua bitana begani, nikatoa kile kipande cha sponji, nikakitia mfukoni mwa koti. Kisha nikashona bitana ikarudi. Bila huo mto, velveti ingelegea upande wa kushoto na kufanya mkunjo kuanzia begani hadi kifuani, na kanisa lote lingeuona. Wangesema Kepher hajui kupima. Ndivyo nilivyotaka. Kwamba mkunjo huo ungekuwa juu ya Mellen, mbele ya watu wote, sikutaka kufikiria, kwa hiyo sikufikiria.

Asubuhi ya Krismasi alioga mapema. Nilikaa sebuleni na viatu vyangu vimepigwa rangi. Mlango wa chumba ulifunguka, akatoka amevaa.

"Baba Judy, nilitaka kukuambia," alisema. "Nilienda kwa Kepher."

"Naona."

"Umekasirika?"

"Kwani nimesema kitu?"

Alikwenda kwenye kioo cha ukutani. Nilikuwa nimekosea kuhusu jambo moja: hata na ule mkunjo alikuwa amependeza. Maruni ilimkubali. Sijawahi kumwona na kiuno hicho, na nimelala kando yake miaka yote hiyo. Wivu ulinipanda upya, sasa mara mbili.

Aliona mkunjo. Alivuta kitambaa, kikarudi palepale. Alijinyoosha, akainua bega, akalishikilia juu kama mtu anayebeba mtoto, kisha bega likachoka likashuka. Nilidhani atamlaumu Kepher. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumtuliza.

Alirudi chumbani, nikasikia zipu. Akatoka na kanga, na rinda mkononi, bitana imegeuzwa nje.

"Njoo hapa."

Nilikwenda.

"Huu mshono umelala upande gani?"

Mimi natumia mkono wa kushoto. Mshono wangu wa mkono hulala kinyume na wa watu wengine wote, na yeye ameutazama ndani ya nguo zake miaka kumi na saba. Ningekuwa na akili ningekumbuka.

"Ni wangu," nilisema.

"Ulitaka niingie kanisani hivyo?"

"Nilitaka waone kazi ya Kepher."

"Wangeona kazi ya Kepher wapi? Wangeniona mimi!" Alikaa kitini. Hakulia, na ningependa alie. "Unajua kwa nini nilienda kwake?"

"Kwa sababu ya simu. Mitindo."

"Wacha mitindo. Kila mwaka unanikatia bega moja chini. Nikisimama mbele ya watu, nguo inawaonyesha vile nimeinama."

"Mimi nashona mwili wako vile ulivyo. Mtu mwingine hata hakujua."

"Loice alijua kabla hajafungua tepu. Aliona kwa rinda lako." Aligonga bega lake la kushoto kwa vidole viwili. "Hujanishonea mimi, Nyabuto. Umeshonea kikapu cha mama. Siku moja tu kwa mwaka nataka kusimama sawa."

Aliponiita Nyabuto badala ya Baba Judy nilijua mambo yameharibika. Nilikuwa nimejivunia inchi hiyo moja kwa miaka kumi na saba, na hakuna siku nilimuuliza kama anaipenda.

"Kile kitu kiko wapi?"

Nilikitoa mfukoni.

"Rudisha. Ama niende na sweta la kuchumia chai, na wakiniuliza nitawaambia."

Nilichukua sindano. Nilipokishika kile kipande cha sponji kwenye mwanga wa mlango, hatimaye niliona kosa la Kepher. Alikuwa amekikata kikiwa na kona, na kona huonekana chini ya velveti mtu akiinua mkono. Ningeweza kukiacha hivyo. Nilichukua wembe nikachonga kingo zote mpaka zikawa nyembamba kama karatasi, nikakishona mahali pake. Sikufanya kwa wema. Nilifanya kwa sababu sikuweza kuvumilia mshono wangu ukae juu ya kazi mbaya.

Alivaa. Mabega yalisimama sawa. Alijitazama kwenye kioo, upande huu na upande ule, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo mimi sijawahi kuufungua.

"Twende, tumechelewa," alisema.

Waliingia kwa wimbo, na Mellen mbele. Kanisa liligeuka lote. Nyuma yake nilihesabu marinda tisa ya Kepher, na Janefer ndani ya la kijani akicheza kama msichana. La kwangu halikuwepo hata moja. Mellen alipoinua mikono juu, bega halikuonyesha kona, na mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Nje baada ya ibada walimzunguka.

"Mama Judy, ni nani amekutoa hivi?"

"Kepher," alisema. Hakunitazama.

"Fundi, unaona kazi?" Janefer alinipigia kelele mbele ya wanaume. "Nenda ukasomee hapo!"

Wakacheka. Nikasema, "Naona."

Kepher alikuja kumsalimia Mellen. Macho yake yalikaa begani kwake kidogo zaidi ya salamu. Kisha akanifuata mahali nilipokuwa nimesimama, karibu na ua.

"Mzee, lile bega si vile nililiacha."

"Mimi sijui."

"Kingo zimechongwa."

"Nimesema sijui."

Alitingisha kichwa na kunipa mkono wa Krismasi. Niliushika, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Kepher bado yuko mkabala, na sasa mito yote ya mabega anayoshona haina kona. Amejifunza kutoka kwangu bila kuuliza, na hilo pia linanichoma. Mimi nimenunua sponji Kericho, pande zima, iko chini ya meza yangu. Nimekata mito ya bega la kushoto mitano, nikatupa minne, na ule wa tano ni mwembamba kingo zote na unamtosha mke wangu. Desemba imefika. Mellen hajasema atashonewa wapi. Juzi alipita dukani, akauona juu ya meza, akaushika, akauweka begani kwake kidogo, akaurudisha. Akaenda zake kununua sukari. Nilisimama mlangoni nikamfuata kwa macho nione kama atavuka barabara.