Chanjo ya Kambi Kumi na Moja

Nyamoita alikuwa amemwaga kikapu chake cha pili kwenye turubai la kupimia, na karani alikuwa bado anapapasa majani ya chai akitafuta yale magumu ya kutupa, Kiptanui nyapara alipogonga kipande cha reli kinachoning'inia pale mlangoni mwa banda. Wachumaji waligeuka. Ilikuwa Alhamisi, ukungu umeanza kushuka tena, na kila mtu alikuwa anafikiria kuni.

"Sikieni," akasema Kiptanui. "Homa ya manjano imesikika huko Kerio. Kampuni inasema kila mtu adungwe chanjo. Jumatatu asubuhi, pale tispensari. Asiye na kadi ya chanjo hapimiwi majani, na nyumba ya kampuni anatoka. Ni kampi zote, kuanzia moja mpaka kumi na moja. Asibaki mtu. Meneja mwenyewe amesema."

Kambi za shamba lile zilikuwa kumi. Kumi na Moja palikuwa ni nyuma ya mablugamu, ile mikaratusi ya kuni, pale walipozikwa vibarua. Mfanyakazi wa kudumu, wenyewe wakijiita mapamanenti, alipokufa kampuni ilitoa lori limpeleke kwao, iwe Bomet iwe Kisii. Kibarua alibebwa na wenzake mpaka nyuma ya mablugamu, na watu wakasema amehamia Kambi Kumi na Moja. Meneja mpya alikuwa amelisikia jina hilo mara nyingi tangu afike, akaona ni kambi kubwa tena inazidi kukua, akaitia katika amri yake. Hakuna aliyemsahihisha. Kiptanui aliona kumsahihisha meneja si kazi ya nyapara, na wachumaji waliona kumsahihisha nyapara si kazi ya wachumaji.

Walipokuwa wakirudi kambini, jirani ya Nyamoita, Chepkosgei, mama mmoja wa Sigowet asiyeweza kunyamaza hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani, alimsogelea.

"Mama Nyambeki, umesikia? Wanasema hii sindano inafunga uzazi."

"Wangu ulifungwa nyuma ya mablugamu."

"Wewe! Na bado unatembea na kiuno hivyo?"

"Ni kikapu kinanitembeza."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao miguu imewachoka.

Nyamoita hakuogopa sindano. Nyambeki, mtoto wake, alichanjwa surua akiwa mdogo na akakua vizuri. Shida yake ilikuwa ni ule ubaraza wa dispensari. Mwaka ule wa mvua nyingi, malaria ilipopanda mpaka huku kwenye baridi, mumewe Atuti alikwenda pale akitetemeka, amejifunika sweta la kijani, naye Nyamoita amemshika mkono. Sista Marcella, muuguzi wa pale, aliuliza kama ni pamanenti au kibarua. Atuti akasema kibarua, ila jina lake limepelekwa ofisini. Sista akasema dawa ni za mapamanenti, akiandikwa arudi. Kwa sasa ajaribu Kericho mjini. Atuti akasema asante sista. Hawakufika barabarani; Atuti alimfia mikononi. Jioni ile Nyamoita alirudi peke yake mpaka kwenye ngazi ya ubaraza, akainua mkono, akaapa mbele za Mungu kwamba hatakanyaga tena pale mpaka mume wake atibiwe.

Aliapa akiwa na uchungu, lakini aliapa, na Nyamoita hakuwa mtu wa kumwambia Mungu kitu halafu akabadilisha. Kwa upande mwingine, asipochanjwa nyumba ingekwenda, na Nyambeki alikuwa darasa la saba katika shule ya shamba. Kule Kisii mashemeji walikuwa wamekwisha kulima kile kipande chake cha shamba mpaka mlangoni.

Siku ya Sabato, baada ya ibada, alimfuata mzee wa kanisa, Onchiri, akamweleza.

"Nadhiri ni nadhiri," Onchiri akasema.

"Najua, mzee."

"Lakini nyumba pia ni nyumba."

"Hiyo pia najua."

"Basi niombee na mimi nikuombee," akasema, akavaa kofia yake.

Jumatatu Nyamoita alifika mapema na bado akakuta foleni. Kambi Kumi na Moja walikuwa wametangulia. Walikuwa wamepita njia yao ya nyuma, ile inayotokea kwenye mablugamu, na walisimama wakiwa wametulia, wanaume kwa wanawake, udongo mwekundu kwenye viatu vya wale waliozikwa na viatu. Kiptanui alipita akiwanyoosha.

"Kumi na Moja, pangeni laini vizuri. Wewe Owino, usisukume watu."

"Mimi sisukumi, mzee. Natafuta joto."

Ilikuwa kweli. Asubuhi ile ilikuwa baridi ya kuuma masikio, na waliokufa kwa homa mwaka wa mvua nyingi walikuwa bado na homa yao. Ukungu haukuwakaribia. Owino, aliyeangukiwa na mti akiwa mzima wa afya, hakuwa na joto lolote, kwa hiyo alijibana katikati yao. Haikuchukua muda hata walio hai wakasogea. Chepkosgei alinyoosha viganja karibu na mgongo wa mwanamke mmoja wa Kambi Kumi na Moja kama mtu anayeota jiko.

"Samahani, mama," akasema.

"Ota tu," yule mwanamke akajibu.

Atuti alikuwa wa mwisho kati yao, na lile sweta lake la kijani. Nyamoita alimwendea. Alikuwa amepungua kidogo mabegani.

"Baba Nyambeki."

"Mama Nyambeki. Huyo mtoto?"

"Yuko darasa la saba."

"Hesabu?"

"Hesabu anajikokota."

"Hiyo ni ya kwetu," Atuti akasema, na wakasonga na foleni. Nyamoita alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa linaunguza vilevile. Hapo wazo likamjia, akaliombea hapohapo bila kufumba macho: kama Bwana amemleta huyu mtu mpaka dispensari, basi leo atatibiwa, na nadhiri itakuwa imetimia, naye Nyamoita atapanda ngazi ile akiwa huru.

Onchiri alikuwa wa kwanza kati ya walio hai, kwa kuwa wazee walipitishwa mbele ya foleni. Alishuka ubarazani akishikilia mkono wake, akamwambia Nyamoita kwamba ameombea jambo lake na jibu linakuja.

Atuti akapanda. Sista Marcella alikuwa ameketi mezani, nywele zimeanza kuwa nyeupe, na hakuinua kichwa.

"Kambi?"

"Kumi na Moja."

"Mkono."

Akampaka pamba. Pamba ikatoka nyekundu kwa udongo, akaitupa kwenye ndoo akachukua nyingine. Akamdunga, akamwandikia kadi. Atuti aliipokea kwa mikono miwili lakini hakuondoka.

"Sista, na ile homa yangu?"

"Homa gani?"

"Ile ya mvua nyingi. Uliniambia nirudi."

Sasa Marcella aliinua kichwa. Alimwangalia, akaliangalia sweta, na ilionekana kwamba anamkumbuka.

"Nilikwambia urudi ukiandikwa. Umeandikwa?"

"Bado, sista."

"Basi leo ni chanjo tu, baba. Dawa ni za mapamanenti." Hakusema kwa ukali. Kabati la dawa lilikuwa nyuma yake, na ufunguo ulikuwa kwa meneja.

"Asante, sista," Atuti akasema, akashuka.

Nyamoita alikuwa amefika kwenye ngazi. Mguu wake ulikataa. Nyuma yake watu walianza kunung'unika.

"Panda, mama," sista akaita.

"Siwezi, sista. Niliapa."

"Uliapa nini?"

"Kwamba sikanyagi hapo mpaka huyu atibiwe."

Marcella alimwangalia Atuti, aliyekuwa amesimama kando na kadi yake mpya. Aliligeukia kabati. Kisha akavuta pumzi ya mtu aliyeamka saa kumi, akachukua bakuli la sindano, akateremka ngazi, akaja kwenye nyasi.

"Kunja mkono wa nguo."

Akamdunga palepale. Sindano iliuma kidogo tu. Aliyefuata nyuma ya Nyamoita alikuwa mjane wa Kambi Tatu, naye akakunja mkono wa nguo bila kupanda. Akafuata mwingine, na mwingine. Ilibidi Kiptanui ashushe meza. Wanawake wengi walikuwa wameapa, ila hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

"Jibu si ndilo hilo?" Onchiri akasema.

"Ni nusu, mzee," Nyamoita akamjibu.

Jumanne, reli ilipogongwa, Kambi Kumi na Moja walikuja kazini. Amri ilisema asiye na kadi hapimiwi majani, na wao kadi walikuwa nazo. Kiptanui aliwapa vikapu na kuwapeleka kwenye mteremko mkali, ule ambao walio hai huukwepa. Walichuma majani mawili na kichipukizi, safi, na karani hakupata cha kutupa. Meneja alifurahi. Alisema laiti kambi zote zingekuwa kama Kumi na Moja, ambako hakuna anayeomba ruhusa ya ugonjwa. Kiptanui aliuliza wataandikwa vipi. Meneja akasema vibarua, kama walivyokuwa.

Homa ya manjano haikufika kwenye shamba lile. Watu walizoea. Asubuhi za baridi wachumaji hupita kwanza mteremkoni kupasha vidole moto, maana vidole vilivyokufa ganzi havichumi, na Kambi Kumi na Moja huwaachia nafasi.

Nyamoita hupita pia. Huweka kikapu chini, humpa Atuti habari za hesabu za Nyambeki, kisha humgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono.

"Bado?"

"Bado."

Huacha mkono wake pale mpaka upate moto, halafu hushika mstari wake.