Muko Upande Gani

Christa hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa ameandika riwaya tatu za ufalme ulio chini ya ziwa. Mbili zilishatoka, na ya tatu ilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mzee Adolphe, mchapishaji wake, ikisubiri neno moja tu la kukubaliwa. Neno hilo mzee alikuwa amemnyima tangu walipotoka ofisini Mutanga Sud, na sasa walikuwa wanaingia Ngagara, wamechelewa, bado wanabishana.

"Mutoto wangu, mutu akianza na tome ya tatu, ataelewa nini?" mzee aliuliza. "Weka résumé mbele. Kurasa makumi tatu, mambo yote yenye yalipita. Bila hiyo sichapi."

"Aanze na ya kwanza, Mzee. Mi siandike hadithi tatu, naandika moja."

"Ya kwanza ilisha isha ku soko."

"Basi uchape tena."

Kurasa thelathini za kueleza kabla hadithi haijaanza. Kwa Christa huko kulikuwa ni kumsimamisha Malkia Ruzima, shujaa wa riwaya zake, mlangoni ajitambulishe kama mgeni nyumbani kwake. Miaka miwili ya kazi ilikuwa humo, na alishasema ni heri irudi kabatini kuliko kutiwa kiraka. Alilisema kwa kichwa juu, ila moyoni aliogopa kwamba kabatini ndiko inakokwenda.

Walikuwa wamealikwa kwenye sherehe ya mahari ya Chanelle, binti anayepanga kurasa ofisini kwao. Christa alitaka kupiga simu waelekezwe njia, mzee akakataa katakata. Yeye kazaliwa Ngagara, nani amwonyeshe kwao? Lakini Ngagara ni mitaa ya namba, nyumba zake zimefanana kama pacha, na Jumamosi ya kiangazi kila mtaa una hema lake jeupe. Mzee aliona hema, akaona magari, akaegesha. Mama aliyekuwa akipokea wageni akawapa viti na Fanta baridi. Kwenye mahari hakuna anayemsimamisha mgeni kumuuliza katoka wapi.

Walikuta mambo yamepamba moto. Familia ya kijana huku, familia ya binti kule, na katikati wasemaji wawili wakirushiana maneno matamu kuhusu ng'ombe ambao hakuna aliyewaona. Mara mwanamke mwenye kilemba cha buluu, upande wa binti, akainuka na kuchukua kipaza sauti bila kupewa.

"Mulikuja hapa mara ya kwanza, mukasalimia baba yake tu," alisema. "Huyu mutoto nilimulea mi, shangazi yake. Mulinipita ku mulango kama kiti. Leo munataka nini kwangu?"

Msemaji wa kijana, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akatazama viatu vyake. Mzee Adolphe akaweka Fanta chini.

"Ana haki," alinong'ona. "Wakimupita tena leo, mi siwasamehe."

Baba wa kijana akasimama. Alivuka polepole ile nafasi iliyo kati ya familia mbili, jambo ambalo baba halifanyi, maana msemaji huletwa kwa kazi hiyo. Akavua kofia mbele ya shangazi, akasema kwamba alikosea na anaomba radhi. Shangazi akamwacha asimame hivyo hivyo, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akachukua glasi yake mwenyewe, akampa anywe. Vigelegele vikalipuka, na mzee Adolphe akatafuta leso.

Ndipo binti alipotolewa nje, amevaa imvutano, vazi la sherehe, la rangi ya dhahabu. Hakuwa Chanelle.

Christa alimgusa mzee kwa kiwiko. "Mzee, si hapa. Tumeingia kwa watu. Twende, Chanelle anatungoja."

"Ngoja kwanza," mzee alisema bila kugeuka. "Nataka nione kama shangazi atamukumbatia yule baba."

Christa alijizuia kucheka, kisha akaona hakuna haja. "Hawa watu unawajua?"

"Hata jina la mumoja sijui."

"Na hakuna mwenye amekupa résumé."

Mzee akaitazama leso yake. Christa alikuwa ameshinda, na alifurahi waziwazi. Ila furaha ile haikumaliza hata dakika. Mzee alilia kwa sababu swali lililoulizwa chini ya hema hili lilijibiwa chini ya hema hili hili. Na yeye, kwenye ukurasa wake wa mwisho, alimwacha Malkia Ruzima katikati ya mto asubiri kitabu cha nne. Alikuwa amemwalika msomaji kwenye mahari, halafu akavunja hema kabla binti hajatoka. Mwisho ule alioringa nao kwa miezi sasa ulimtia aibu.

"Résumé siandike, hiyo usahau," alisema. "Lakini malkia atavuka muto. Humu humu, ku tome ya tatu. Mutu aanzie penye anataka, atatoka ameshiba."

"Na ya ine?"

"Ya ine itapata shida yake yenyewe."

Kabla mzee hajajibu, shangazi wa kilemba cha buluu alikuwa amewafikia akisalimia wageni. Alizitazama sura mbili asizozijua.

"Karibuni. Nyinyi muko upande gani?"

Christa akaanza kutafuta uongo wa heshima. Mzee Adolphe akamtangulia. Alisimama, leso bado iko mkononi.

"Wako, mama," alisema. "Tangu ulipowauliza."

Shangazi akacheka, akaagiza waongezewe Fanta. Mzee akaketi.

"Malkia avuke," alimwambia Christa. "Nachapa."

Simu ya Christa ikaanza kuita, ni Chanelle. Waliipokea baada ya shangazi kumkumbatia yule baba.