Pampu Iliyokuwa Ikiguna

Pampu ya maji ya boti yetu ilianza kuguna hata mabomba yote yakiwa yamefungwa. Haikuwa kelele kubwa: inaguna kidogo, inanyamaza, halafu inaguna tena. Nilimwambia mume wangu asubuhi, nikamwambia mchana, naye akaendelea kunywa chai kana kwamba namsimulia ndoto. Mimi si mtu wa kubembeleza. Kesho yake nilisimama mbele yake nikamwambia pampu inaumwa, na kama fundi wa nyumba hii amestaafu, aseme.

Akashtuka, akaenda kuchukua spana.

Tulikuwa na makubaliano. Tangu tuhamie botini, binti yetu hajachoka kutuita nchi kavu, kwenye chumba alichotuandalia chenye mapazia ya maua. Mume wangu anakiogopa chumba hicho kama kaburi. Mimi ndiye niliyempa binti neno: siku mwili wa baba yako utakapogoma kuitunza boti, tutakuja. Baba mtu alikuwepo, na neno lile halikumpendeza.

Basi tukafungua kifuniko cha sakafu. Akanieleza, maana anapenda kueleza: ukifungua bomba presha inashuka na pampu inawaka, ukifunga, presha inapanda na pampu inajizima. Ikiwaka huku kila kitu kimefungwa, kuna mahali maji yanapotelea. Akapapasa kila kiungio kwa kipande cha karatasi, na karatasi ikatoka kavu. Akaweka kiganja juu ya pampu, akatulia.

"Naisikia," akasema.

Nikafurahi. Akafunga koki inayopeleka maji jikoni na bafuni, akaondoa mkono na kuufuta kwa kitambaa. Pampu ikinyamaza sasa, alisema, kosa liko huko mbele kwenye mabomba. Ikiendelea, kosa liko ndani ya pampu yenyewe. Tukasubiri. Pampu ikaguna, pale pale karibu na goti lake.

"Umeona?" akasema. "Imenyamaza. Kosa liko bafuni."

Nilifungua mdomo nimcheke. Kisha nikayaona macho yake. Hayakuwa kwenye pampu, yalikuwa kwenye uso wangu, yakitafuta jibu.

Miaka yote ya ndoa nimemwambia mtu huyu kwamba hasikii. Nimemwambia mbele ya mama yake, nimemwambia mbele ya majirani, sikio la kufa halisikii dawa. Lugha yetu ndiyo iliyotuponza: mkaidi tunasema hasikii, na mtu akigusa kitu kikatetemeka chini ya kiganja, naye anasema anakisikia. Hakuwa amenidanganya. Alikuwa ameisikia kwa mkono.

Roho iliniuma. Pampu ilipoguna tena, nikamgusa bega. Akanitazama, akaelewa kwamba nimeelewa, akainamisha kichwa. Hakubisha. Akachukua bisibisi.

Alifungua kichwa cha pampu. Mle ndani kuna kimpira kinachozuia maji yasirudi tangini, na chini yake ilikwama punje ya mchanga, ndogo hata ukucha unashindwa kuishika. Akakiosha, akafunga, akawasha, akanitazama. Nikangoja bila kumgusa. Nikazidi kungoja. Pampu ilikuwa kimya kweli, nikatabasamu.

"Tangu lini?" nikamuuliza, nikiwa nimemgeukia.

"Tangu mvua zilizopita. Kwanza ilipotea sauti yako ukiwa umenipa mgongo pale jikoni. Nikawa natazama mabega yako, nijue kama umekasirika."

"Na mabega yalisemaje?"

"Mara nyingi yalisema ndiyo."

Nikacheka, na machozi yakanitoka hapo hapo. Yeye hakucheka. Alikuwa akipanga spana kwenye sanduku moja moja, taratibu, kama mtu anayefungasha. Akauliza binti ataambiwa lini.

Nikamshika mashavu kwa mikono yote miwili, bila kujali grisi iliyompaka, nikauleta uso wake karibu na wangu.

"Binti nitamwambia mwenyewe," nikasema. "Pampu imepona, na masikio yangu yanatutosha wawili. Hatuhami."

"Umesemaje?"

Maneno aliyaona vizuri, midomo yake ilikuwa imeshaanza kutabasamu. Nikamrudia hata hivyo, polepole.