Chupa Yenye Ua Jekundu

Kiti cha plastiki kilikuwa kimefungwa waya mguuni, na Daktari alikijua kile kiti. Alikuwa amekikalia asubuhi, upande wa juu wa mtaa. Chupa ya chai yenye ua jekundu nayo aliijua. Mwenye nayo kule juu alijisifu kwamba ameinunua kwa posho.

Ilikuwa ziara ya mwisho ya utafiti wake. Kaya za upande wa juu zilichaguliwa kwa kura, zikapewa posho kila mwezi. Za huku chini hazikupewa kitu; zilikuwa za kulinganisha tu. Ripoti ilikwishaandikwa: juu wana viti na chai, chini wana viti na chai, fedha hazikubadili kitu. Wizara ingefuta posho. Chuo kingempa uprofesa.

"Kunywa, mwanangu," alisema mjane mwenye nyumba, akimimina kikombe kimoja tu. "Kwetu hakupungui."

"Mama, jana mlikula nini?"

"Tulikula, tukasaza."

Daktari alitazama jiko. Buibui alikuwa ametanda utando kutoka figa hadi figa.

Jirani akachungulia dirishani. "Shoga, mgeni wako bado anakunywa? Na mimi anakuja kwangu, ujue."

"Huyu ana utani," mjane alisema, asicheke.

Daktari aliweka kikombe chini. "Chupa ni ya nani, mama?"

Mjane alinyoosha kitambaa cha meza, ambacho pengine nacho kilikuwa cha mtu.

"Nani humpa asiye na kiti, baba? Ukiomba kazi umechakaa, unafukuzwa. Ukienda kukopa, wanatazama viatu. Wale wa juu mliwaona wanajiweza, mkawapa. Na sisi tumejipanga." Akashusha sauti. "Umeandika kwamba tunajiweza?"

Maneno mawili yangetosha: ilikuwa kura. La tatu, mmeazima, lingeichana ripoti.

"Nimeandika, mama."

"Mungu akuzidishie."

Chai ilikuwa na sukari nyingi, sukari ya kukopa. Aliimaliza yote, maana kuibakiza kungekuwa kumtukana.

Nje, nyumba ya jirani ilikuwa hatua chache tu. Daktari alisimama njiani. Akatoa leso, akainama, akaanza kufuta viatu vyake vipya, kimoja, kisha kingine, kisha kile cha kwanza tena, hadi aliposikia waya wa kiti ukikwaruza sakafu na mlango wa nyuma wa jirani ukifungwa.

Ndipo akabisha hodi.