Mateka wa Busi

Evarista alipofika kijiji cha Busi kutafuta watu wa kuigiza filamu yake, hakuna aliyemtilia maanani. Alikuwa msichana wa Nkuhungu, mjini Dodoma, mwembamba, mwenye maneno ya haraka, aliyepiga picha za video za harusi mpaka akachoka kutazama keki. Sasa alitaka kutengeneza filamu ya vita. Si vita vya mizinga, aliwaeleza wanakijiji waliokusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, bali habari ya askari walioshindwa wakatekwa, na ofisa wao mmoja anayekataa kumchimbia adui handaki hata anaposimamishwa juani.

"Nataka watu waone," alisema, "mtu akinyang'anywa kila kitu, anabaki na nini."

Mahali alikuwa ameshapata. Juu ya kijiji, ukishavuka makorongo mekundu, kulikuwa na kambi iliyoachwa na wajenzi wa barabara: vibanda vya mabati, uzio wa seng'enge, na geti la chuma lililoshika kutu lakini bado likifungika vizuri.

Wanaume waligawanywa kwa namna ya kuchekesha. Evarista alimwaga buti chini kutoka kwenye viroba, na kila ambaye buti zilimtosha akawa mlinzi. Waliobaki wakawa mateka. Fundi pikipiki mmoja, Zaidi, buti zilimkaa kana kwamba alipimiwa. Shemeji yake Nurdini, mkulima wa mtama na alizeti, alikuwa na miguu mipana isiyoingia popote, akapewa shati lililochanika. Lakini kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache na shingo iliyonyooka, Evarista alimpa nafasi ya yule ofisa wa mateka. Mkewe Mwantum, ambaye ni dada yake Zaidi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ofisa wangu peku!" alisema.

Kamanda wa kambi alitoka mjini. Aliitwa Ernest, jirani wa Evarista, mtumishi wa ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na alikuwa amechukua likizo kwa ajili ya filamu hiyo. Kanisani kwao yeye ndiye aliyecheza Pilato kila Ijumaa Kuu, kwa urefu wake na sauti yake. Nje ya hapo alikuwa mpole kupita kiasi. Evarista alimwita Baba Ruthu, kwa jina la binti yake, na hakuwahi kumsikia akigombana na mtu. Siku ya kwanza, adhuhuri ilipoingia na mateka wakataka kuswali, Ernest mwenyewe alibeba dumu akawamiminia maji ya udhu, kofia ya kamanda ikiwa kichwani, na watu wakampiga picha kwa simu huku wakicheka.

Evarista hakupendezwa na alichokipata siku hiyo. Alitazama picha zake, akatikisa kichwa.

"Mnaigiza," alisema. "Naona kabisa mnaigiza."

Akaweka masharti mapya. Simu zote ziwekwe kwenye sanduku. Mateka walale kambini mpaka kazi iishe. Walinzi wasile nao, wasitaniane nao, wasizungumze nao Kirangi, lugha ya kwao. Na Baba Ruthu awe kamanda muda wote, hata kamera ikiwa imezimwa. Watu walikubali. Ilionekana ni mchezo mzuri, na mtama ulikuwa bado haujakomaa.

Kilichobadilika kwanza ni kelele. Asubuhi za mwanzo walinzi walifika kutoka kijijini wakipiga soga tangu korongoni. Baadaye walifika kimya, wamejipanga mstari, bila mtu kuwaambia. Ernest aliacha kuwaita watu majina. Nurdini akawa "mateka", na mzee mmoja mwenye pumu naye akawa "mateka". Ernest aliposema neno, walinzi walijibu "Ndiyo, afande," na hakuna aliyetabasamu. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipita kwenye mabati, ukiyatikisa, na mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee pale kambini.

Siku moja Evarista alikuta handaki limekuwa refu kuliko alivyotaka. Lilikuwa limepita kibanda cha mwisho na kuendelea mpaka kwenye seng'enge.

"Baba Ruthu, hapo panatosha," alimwambia. "Kwenye hadithi ni kipande kidogo tu."

"Hapatoshi," Ernest alijibu bila kumgeukia.

Evarista alitaka kusema zaidi. Lakini alikuwa ameshainua kamera, na ndani yake aliuona uso wa mzee wa pumu akiegemea sururu, macho yake yakimfuata Ernest kama ya mbuzi anayemwangalia mwenye kisu. Ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Akaendelea kurekodi.

Kisha ikaja habari ya magoti. Ernest alitangaza kwamba mateka anayetaka kuswali ataomba ruhusa akiwa amepiga magoti mbele yake. Mateka walitazamana. Mmoja akapiga, halafu wa pili, halafu wengine, haraka haraka, kama watu wanaotaka jambo la aibu liishe. Nurdini alibaki amesimama.

"Magoti nampigia Mungu," alisema. "Ruhusa nitakuomba, lakini nikiwa hivi hivi nilivyo."

"Basi simama," Ernest akasema. "Simama hapo hapo."

Nurdini akasimama juani katikati ya uwanja. Evarista alifurahi, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwemo kwenye hadithi na hakuhitaji kuipanga. Alirekodi mpaka akaridhika, akafunga kamera, akaenda kunywa chai. Aliporudi, Nurdini alikuwa bado amesimama. Jioni walimrudisha kibandani, na kulipokucha wakamtoa tena, wakamsimamisha palepale.

Kabla hajatolewa, mzee wa pumu alikuwa amemsogelea.

"Nurdini, twende zetu nyumbani. Hii ni sinema tu."

"Geti limefungwa," Nurdini alijibu.

"Si analinda shemeji yako? Mwambie afungue."

"Nikimwambia akakataa," Nurdini alisema, "nitamtazama vipi maisha yangu yote? Afadhali nisimwombe."

Jioni iliyotangulia, Zaidi alikuwa amepita kwa dada yake kula, kama kawaida yake. Alikaa na buti miguuni. Mama yao alikuwa pale, na Zaidi hakumwamkia. Alikula akitazama ukuta.

"Mume wangu hajambo?" Mwantum aliuliza. "Simu yake haipatikani siku zote hizi."

"Mateka wako salama," Zaidi alisema, akaomba maji.

Mwantum alimletea maji, akarudi jikoni, akakaa bila kufanya chochote. Alitafuta kicheko katika sauti ya mdogo wake, hakukiona. Asubuhi alijifunga khanga, akachukua chupa ya uji, akapanda mlima.

Alimwona Nurdini kabla hajafika getini. Midomo ya mumewe ilikuwa imepasuka, na alikuwa akiyumba taratibu, kama mti uliokatwa nusu. Walinzi walikuwa wamemzunguka. Ernest alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya kivuli cha bati, mikono juu ya magoti. Pembeni Evarista alikuwa nyuma ya kamera yake.

Zaidi ndiye aliyekuwa getini. Aliinua bunduki yake ya mbao, akaielekeza kifuani kwa dada yake.

"Rudi."

"Zaidi, ni mimi."

"Nimesema rudi."

Mwantum alisogea hatua moja. Zaidi akamsukuma kwa mdomo wa bunduki, kwa nguvu, chupa ikamponyoka na uji ukamwagika kwenye vumbi. Hapo ndipo Evarista alipoondoa jicho kwenye kamera.

"Kata!" alisema.

Hakuna aliyegeuka. Walinzi wote walikuwa wakimtazama Ernest.

"Kata! Baba Ruthu, basi, imetosha. Baba Ruthu!"

Ernest aliinua kidole kimoja kumnyamazisha, kama mtu anayezuia inzi, macho yake yakiwa kwa Nurdini. Evarista akaelewa kwamba pale kambini yeye hakuwa mtu tena.

Nurdini akaanza kutembea. Alitoka katikati ya uwanja, akapita kati ya walinzi wawili, akaelekea getini polepole, akiburuta miguu.

"Mateka, rudi mahali pako," Ernest alisema.

"Sina ugomvi na wewe, ndugu yangu," Nurdini alijibu bila kusimama. "Naenda kwa mke wangu."

"Mlinzi wa geti!"

"Ndiyo, afande," Zaidi akaitika. Akageuka, akainua kitako cha bunduki, akakishusha begani kwa shemeji yake.

Mfupa ulilia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ukuni mkavu ukivunjwa jikoni, lakini kila mtu aliisikia. Nurdini akapiga magoti, halafu akalala ubavu. Mwantum hakupiga kelele. Alipita chini ya mkono wa mdogo wake, akakaa vumbini, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani.

Walinzi mmoja mmoja walianza kutazama bunduki walizoshika. Ernest alisimama. Alikuja mpaka pale, akavua kofia, akatazama huku na huku kama abiria aliyeamka na kukuta amepitilizwa kituo chake.

"Nani amempiga?" aliuliza.



Walimshusha Nurdini kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, mfupa wa mtulinga, ule wa karibu na bega, umevunjika na mwili umekauka maji. Ernest alikuja kumwona kabla hajaondoka kurudi mjini. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Bwana Nurdini, sijui ilikuwaje."

"Mimi najua," Nurdini alisema kitandani. "Ulianza kupenda tulivyokuwa tunanyamaza."

Ernest akaondoka. Watu wa Mtumba wanasema bado ni mpole vilevile, ila hapendi kukaa mbele ya watu kwenye vikao.

Evarista hakuimaliza filamu. Nyumbani kwake Nkuhungu alifungua picha za siku ile, na macho yake mwenyewe yakamwambia kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kama hizo. Akatazama mpaka mwisho. Alikumbuka vizuri kwamba pale getini alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Lakini sauti aliyoisikia kwenye kamera ilikuwa ya chini, ya adabu, kama ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani. Alirudisha nyuma akasikiliza tena. Ilikuwa vilevile. Akafunga kompyuta, na mpaka leo hajamwonyesha mtu.

Mtama ulipokomaa, bega la Nurdini lilikuwa bado halijapona. Asubuhi moja alifika shambani kwake akamkuta Zaidi anakata masuke peke yake, amevaa ndala. Nurdini alikaa kwenye tuta akamtazama. Zaidi alifanya kazi muda mrefu.

"Shemeji," alisema hatimaye, "mimi silali. Na kinachoniamsha si kwamba nilikupiga."

"Ni nini?"

"Ni kwamba kama angesema nipige tena, ningepiga." Aliweka kisu chini. "Na akija leo na ile kofia, akaniita, sijui. Wallahi sijui."

Upande wa pili wa shamba Mwantum alikuwa anakuja na uji. Tangu siku ile alikuwa hajazungumza na mdogo wake hata neno moja. Alimpa mumewe kikombe, akamimina cha pili, akakiweka chini, mbali na Zaidi kiasi kwamba ingemlazimu atembee kukifuata. Kisha akasimama hapo, mikono kiunoni, akimtazama usoni na kusubiri aone atafanya nini.