Nusu Saa Mbele ya Geji

Pampu ya binti yangu ilikuwa imekaa juu ya meza ya majaribio, chuma kitupu, haijapakwa hata tone la rangi, na mimi sikuweza kutulia. Tangu asubuhi nilikuwa naizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba, kaa chini. Utamtia mgeni wasiwasi."

"Hapa kazini mimi si baba. Mimi ni fundi."

"Basi fundi, kaa chini. Viatu vyako vinapiga kelele kuliko kompresa."

Karakana yetu hutengenezea makampuni mengine vitu. Wao wanaleta shida yao, sisi tunachora, tunasubu chuma, tunakikereza kwa mashine, halafu tunakitesa kile kitu mpaka tujue kitavumilia. Safari hii kampuni ya kusindika maziwa ilitaka pampu nyepesi ambayo haitapasuka ikibanwa na presha. Wengine wangeongeza unene wa chuma. Binti yangu, ambaye ndiye injinia wa kitengo cha ubunifu, akapunguza. Alichora ukuta mwembamba, kwa ndani akauwekea mbavu. Tatu za kwanza zilipasuka. Kila iliyopasuka aliikata kwa msumeno, akaitazama tumboni, akasema "aha," akarudi kuchora. Hii ilikuwa ya nne. Mimi niliishia darasa la nne, yeye alisoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike, lakini nilipoishika ile ya nne mikononi nilijua. Chuma kizuri hakihitaji cheti. Mwili mzima ulinisisimka.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Unaijaza pampu maji, unasukuma presha mpaka sindano ya geji, kile kipimo cha presha, ifike arobaini, unafunga, unangoja nusu saa. Sindano isishuke. Ikishuka, kazi yote inakwenda karakana nyingine. Na meneja alikwishatangaza mbele ya watu kwamba ikienda, kitengo cha ubunifu kinafungwa, na binti yangu atafute pa kwenda na michoro yake.

Huyo meneja tunamwita Kalamu. Jina nilimpa mimi. Ana kalamu ya kung'aa, inakaa mfuko wa shati mwaka mzima, kuitoa ni kama kung'oa jino. Miaka sita iliyopita mke wangu alipozidiwa, nilimpelekea fomu ya ruhusa. Akaniambia, "Iache hapo mezani." Nikasimama nje ya mlango wake tangu saa mbili. Saa sita simu ikaja kutoka hospitali kwamba nisijisumbue kuharakisha. Ile fomu mpaka leo haina saini. Yeye mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Ndio wakubwa wetu hao, wakikukosea wanaongezewa kiti.

Nikaapa sitamwomba saini tena, hata ya sabuni ya kunawia. Na kwetu kila kitu ni fomu. Ukitaka washa mpya ya shaba, ile pete ndogo inayokaa kwenye maungio ili maji yasipenye, lazima Kalamu asaini. Basi mimi nina mkebe wa majani ya chai umejaa washa kuukuu. Naichukua moja, naichoma kwa moto wa gesi mpaka iwe nyekundu, naitumbukiza majini, inalainika, inakuwa kama mpya. Miaka sita sijaenda stoo. Siku moja kabla ya jaribio gesi ilikwisha. Fomu ya gesi nayo ina saini ya nani? Nikachukua washa ngumu vilevile ilivyo, nikaiweka pale mpira wa maji unapoingia kwenye pampu, nikakaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikajiambia itashika.

Mkaguzi wa wale wateja alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alivuta kiti karibu na kioo cha kinga, akafungua daftari.

"Anzeni," akasema.

Nikasukuma. Kumi. Ishirini. Zile tatu za kwanza zilipasuka kwenye ishirini na nane, thelathini na moja, thelathini na tano. Tulipopita thelathini na tano binti yangu alinishika mkono wa shati bila kujua. Arobaini. Nikafunga. Pampu kimya, imetulia kama inasikiliza. Nilitamani kuruka, umri huu na magoti haya.

"Umeona, fundi?" akaninong'oneza.

"Nimeona, mama."

Dakika ya tano, sindano arobaini. Dakika ya tisa, arobaini. Dakika ya kumi na moja nikaona inapumua. Thelathini na tisa na nusu. Thelathini na tisa.

Kalamu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasafisha koo. "Nilisema mimi. Ukuta mwembamba kama ganda la yai."

Binti yangu aliisogelea geji. Alikuwa amepauka. Mkaguzi akaweka kalamu yake chini, akasema polepole, "Kama ni pampu inayovuja, imefeli na mimi naondoka. Kama ni vyombo vyenu vya kupimia, nionyesheni nione kwa macho. Maneno sichukui."

"Mama, nipe dakika mbili," nikasema.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Katika vitu vyake nilibaki na kipande cha chaki ya kuchoria vitambaa, natembea nacho mfukoni. Ukiisugua kwenye chuma kikavu, inakaa nyeupe. Ikiguswa na unyevu, hata ule usioonekana, inakuwa nyeusi palepale. Nikaipunguza presha, nikaingia nyuma ya kioo, nikaifuta pampu kwa kitambaa, nikaanza kusugua. Kila bolti, kila ukingo, kule kwenye mbavu ambako ya tatu ilipasukia. Nikatoka, nikapandisha presha tena. Tukainama wote.

Nyeupe. Nyeupe tupu, kama shati la bwana harusi.

Moyo ukanienda mbio kwa furaha, na papo hapo ukanidondoka. Maana nilijua ni wapi ambapo sikupaka.

"Mzee, inatosha," Kalamu akasema. "Hukuona kitu. Mgeni ana safari."

"Kuna mahali hujapaka, fundi," binti yangu akasema. Alikuwa anatazama palepale nilipokuwa nimepakwepa, kwenye kiungo cha mpira. Kiungo changu. Sauti yake haikuwa ya lawama. Ilikuwa ya mtu anayehesabu: ukitoa hiki na hiki, kinabaki kile.

Miaka sita nimemwambia kila mtu ubovu wa Kalamu. Mnywa chai mwenzangu anajua, mlinzi wa getini anajua, jirani zangu wanaujua kuliko majina ya watoto wao. Sasa nilitakiwa kuinama mbele yake nionyeshe ubovu wangu. Nitasema kweli, miguu ilikataa. Nikaitazama pampu. Ilikuwa imefanya kazi yake yote, na mimi ndiye niliyekuwa naiangusha.

Nikashusha presha, nikapaka. Nikapandisha. Sekunde chache tu, chaki ikaanza kugeuka nyeusi chini ya nati, duara zima, kama mtu amelichora kwa wino.

"Ni mimi," nikasema. "Si pampu. Ni washa niliyoweka mimi."

Mkaguzi akavaa miwani, akapiga goti mpaka pua ikakaribia kioo, akatazama kwa muda mrefu. Nilipoifungua akaishika ile washa kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ina umri gani?"

"Hiyo, mama, imekula chumvi."

Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyekuwa na mazoea nalo. "Weka mpya. Nusu saa inaanza upya."

Nikatoka mbio mpaka stoo. Mama wa stoo alinitazama kama ameona mzuka.

"Leo umepotea njia?"

"Washa moja ya shaba. Haraka."

"Fomu hiyo hapo. Bila saini sitoi, hata aje malaika."

"Unanikomoa?"

"Miaka sita unanipita hapo dirishani bila hata salamu, halafu nikukomoe leo tu? Nenda kasainiwe, shemeji."

Nikarudi na fomu. Watu wote watatu walikuwa pale mezani. Nikamnyooshea Kalamu.

"Naomba saini."

Akaipokea, macho yake kwa mgeni. "Iache hapo me..."

Akakomea hapo. Akanitazama usoni, mara ya kwanza ndani ya miaka sita, na nikaona kwamba alikuwa anakumbuka kila kitu, mlango, saa, simu. Nilidhani amesahau. Ningependa zaidi kama angekuwa amesahau. Mkono ukaenda mfukoni, kalamu ikatoka, akaweka karatasi ukutani, akasaini. Wino ulikuwa umekauka, ikabidi akwaruze mara mbili.

"Nenda," akasema.

Washa mpya ikaingia kama kidole kwenye pete. Nikakaza bila hata kutoa jasho. Kumi. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Nikafunga.

Dakika ya kumi na moja ilipopita nilikuwa nimeuma kola ya shati. Dakika ya ishirini binti yangu alianza kutembea huku na huku, nikamwambia, "Injinia, viatu vyako." Dakika ya thelathini sindano ilikuwa arobaini, imekaa kama imechorwa pale kiwandani geji ilipozaliwa.

Mkaguzi akaandika "imefaulu." Nikadhani atafunga daftari. Hakulifunga.

"Na ikipandishwa," akamuuliza binti yangu, "inafika wapi?"

Binti yangu akanigeukia. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu akiwa mdogo, mama yake akimwambia aseme mwenyewe anataka gauni la rangi gani. "Fundi, tupandishe?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye valvu. Hamsini. Sitini. Kalamu akarudi nyuma hatua mbili. Sabini. Themanini. Sindano ikagonga mwisho wa geji, hakuna tena namba ya kusoma, na chaki ya mama yake bado nyeupe kila upande.

"Tutahitaji geji kubwa zaidi," binti yangu akasema.

"Na fomu," nikasema.

Kesho yake nilimpelekea Kalamu fomu kumi na mbili: za washa, za gesi, ya geji kubwa. Sijamsamehe, asije mtu akanisingizia. Lakini sikusimama nje ya mlango. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake, nikangoja mpaka akasaini ya mwisho.