Mikono ya Wilbert

Dafroza alimpelekea Alawi picha ya kitambulisho ya marehemu mumewe, Wilbert, akaagiza achorwe mkubwa, amekaa, suti ya kijivu, mikono magotini. Kibanda cha Alawi kiko Majengo, mjini Moshi, kati ya kinyozi na muuza mitumba. Huwachorea watalii mlima na twiga, na wenyeji huwachorea marehemu wao.

"Iwe tayari kabla ya Krismasi, fundi," alisema Dafroza. "Mashemeji wakija kutoka Dar, nataka wakiongelea kihamba yeye awe anawatazama."

Kihamba ni shamba la migomba na kahawa kule Kibosho, lenye nyumba ya Dafroza na kaburi la Wilbert. Wilbert alimwahidi mara nyingi kwamba hakuna atakayemtoa pale. Tatizo ni kwamba alimwahidi jikoni, wakiwa wawili tu, na siku hizi shemeji yake Athanas, kila akija likizo, alikuwa akipitapita shambani kama mtu anayechagua kitanda dukani.

Picha ilitoka nzuri. Aliitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kesho yake asubuhi mkono wa kulia ulikuwa umetoka gotini, umeshika jani la sale, umelinyoosha mbele.

Sale huoteshwa mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake, unalipokea na kusamehe. Ukikataa, mkosaji unakuwa wewe.

Dafroza aliifunga picha kwa kitenge akairudisha mjini.

"Shikamoo mama," alisema Alawi, akaitazama. "Rangi ya mafuta huwa inacheza kidogo." Akalifuta jani, akaurudisha mkono gotini. Jumapili jani lilikuwa limerudi, safari hii lina umande.

Basi usingizi ukamwisha. Jani lenyewe halikumtisha. Aliogopa kosa.

"Umefanya nini, baba Monica?" aliuliza kila alipopita na kikombe. Wilbert alikuwa akipeleka mahindi Holili, mpakani, na Holili kuna wanawake. Dafroza akamwomba Mungu iwe mwanamke. Kwa ajili ya mwanamke angelia wiki nzima, akasamehe, akabaki na nyumba yake.

Krismasi mashemeji wakafika, pamoja na wazee wa ukoo. Walimsalimia marehemu ukutani, wakala mbuzi, wakanywa mbege ya ndizi. Athanas akalitazama jani.

"Kumbe ameshakuomba msamaha," alisema. "Amenipunguzia kazi."

Akaeleza kwamba Wilbert, alipoanza kuumwa, alimkabidhi yeye kihamba mbele ya wazee wa ukoo, kwa kuwa Dafroza alizaa binti tu. "Alikuwa anaona aibu kukwambia, shemeji." Wazee wakaitikia kwa vichwa, vikombe mkononi.

"Na nisipolipokea?" aliuliza Dafroza.

Mama mkwe wake, bibi Justina, alimwonea huruma kweli. "Pokea, mwanangu. Mkono utamuuma."

Dafroza alipanda kwenye stuli, akalivuta jani. Lilitoka bichi, la baridi. Mkono wa Wilbert ukarudi taratibu gotini, kama alivyoagiza.

"Sasa amekaa vizuri," alisema Athanas. "Huyo fundi anajua kazi. Ukihama, hii picha utatuachia."

Dafroza akashuka na jani lake mkononi, akaenda kuwaongezea mbege.